Choo cha Kukhu

Wengine wakinusa ubani hukumbuka msiba, wengine harusi, wengine yule mganga aliyekula jogoo wao na asiwaponye. Mimi hukumbuka choo. Juzi jirani yangu sokoni, muuza mitumba kama mimi, aliwasha chetezo ili biashara imfungukie. Moshi ukapenya katikati ya marobota ukanikuta nabishana na mteja juu ya koti la mvua, nami nikanyamaza ghafla. Mteja akakichukua kimya changu kuwa ni kukubali, akalikunja koti, akaenda zake. Kumbukumbu ina gharama zake. Kwa kuwa nimekwisha kuilipia, bora niitumie yote.

Tulikaa Pumwani, upande ule ambao nyumba za udongo za Majengo zinakoma na mteremko wa kwenda mtoni unaanza. Ploti yetu ilikuwa na nyumba ya mawe ya Bi Zuhura, mjane mwenye sauti ya kumwita mtu aliye barabara ya pili. Juu aliishi yeye. Katikati, sawa na ua, tuliishi sisi wapangaji, kila familia na chumba chake. Chini kulikuwa na besmenti, chumba kilichozama ardhini hadi shingoni, chenye ngazi zake za mawe na mlango wake mwenyewe. Dirisha lake lilikuwa ufa mpana tu karibu na dari, kama mdomo wa sanduku la posta. Ukiwa ndani hukuona uso wa mtu. Uliona viatu vinavyopita uani, basi. Majirani wengi niliwajua kwa visigino kabla ya kuwajua kwa majina.

Zamani marehemu mume wa Bi Zuhura aliweka samli humo, na biashara ilipomkubali akaitandika sakafu vigae vyekundu na vyeupe, kimoja kimoja kwa mkono wake, kama ubao wa drafti. Samli ikaisha, mume akaisha, vigae vikabaki. Chumba kilikaa kitupu miaka na miaka, maana ni mpangaji gani anayetaka kuishi chini ya nyayo za watu? Ndipo Kukhu alipokuja.

Kukhu ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake mama yangu. Alitoka kwao magharibi akiwa amevunjika nyonga kwa kuanguka na mzigo wa kuni, na hospitali ilitaka kumwona mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Lakini tatizo halikuwa nyonga. Tatizo lilikuwa baba yangu. Kwa mila za Kukhu, mama mkwe na mume wa binti yake ni kama moto na mafuta ya taa: si maadui, ila hawawekwi pamoja. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja huiacha njia, na kwa kuwa Baba ndiye aliyekuwa na miguu mizima, mwenye kuiacha alikuwa yeye. Nimemwona mara nyingi akigeukia ukuta kama mtu anayesoma tangazo, na ukuta hauna tangazo.

Maneno yao yote yalipita kwangu. Mimi Nafula, meno ya mbele hayajaota, ndiye niliyekuwa simu ya ukoo. Kukhu akisema, mwambie mwenye mji hivi, nilipanda ngazi; Baba akisema, mwambie mgeni hivi, nilishuka. Nilitambua mapema kwamba maneno hupungua njiani kama sukari iliyofungwa kwa gazeti, na kwamba anayeyabeba ana uwezo wa kuyapunguza zaidi au kuyajazia. Biashara yote niliyofanya maishani ilianzia kwenye zile ngazi.

Jambo la kwanza walilojadiliana lilikuwa paa. Baba alikuwa amekodi besmenti kwa ajili ya Kukhu, akijua hawezi kumlaza chumbani kwetu. Kukhu akanituma kuuliza kama juu ya besmenti kuna paa lake peke yake. Baba akajibu kwamba juu ya besmenti kuna wapangaji, juu ya wapangaji kuna Bi Zuhura, na juu ya Bi Zuhura kuna mabati. Kukhu alifikiri siku nzima akiwa ameketi kwenye ngazi, mzigo wake haujafunguliwa. Jioni akatoa hukumu: nyumba ni mlango, si paa. Yeye ana mlango wake, mkwewe ana wake, kwa hiyo ni miji miwili. Akashuka. Nikapelekwa nilale naye ili asiwe peke yake, na hapo ndipo nami nikaingia kwenye faida, kwa sababu huko juu nilikuwa nalala chini ya meza.

Kulala mgongoni kwa Kukhu kulikuwa kama kulala karibu na jiko lililozimwa punde: joto la kutosha, na harufu kidogo ya moshi. Alinisuka nywele. Alinifundisha kupima kunde kwa jicho. Alibishana nami kama mtu mzima mwenzake, na niliposhinda alikubali nimeshinda, jambo ambalo hadi leo watu wazima wachache wananifanyia. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Nilipowatazama yeye na Baba, mmoja akijifunika leso, mwingine akisoma ukuta, nilipiga hesabu, nikairudia, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile: hawa wawili wanachukiana. Hakuna aliyeniambia vingine. Mambo ya adabu watu hawayaelezi. Wanayafanya tu, na mtoto anabaki kujijazia.

Sasa, paa lilikuwa na hukumu yake, lakini choo hakikuwa nayo. Choo cha ploti kilikuwa kimoja, uani, na Baba alikitumia kama kila mtu. Kukhu asingeweza kuingia pale alipotoka mkwewe. Hilo halikuwa la kujadiliwa. Mwanzoni Mama alimpeleka kwa mwanamke mmoja wa kanisani, vichochoro vitatu kutoka kwetu, Kukhu akiegemea gongo, alfajiri na magharibi. Nyonga ikakataa. Ndoo nayo akaikataa yeye, maana atakayeimwaga ni binti yake, na wa kuikuta njiani ni nani? Basi akachagua dawa yake mwenyewe. Akaacha kunywa. Kwanza chai ya saa nne, kisha ya jioni, kisha maji. Kwetu mtu aliyekataa chai alikuwa ama mgonjwa ama malaika, na Kukhu hakuwa malaika. Midomo ikampasuka. Daktari akamwambia Mama waziwazi kwamba nyonga inapona lakini figo zinakauka, na kama hanywi maji hana haja ya kumleta tena. Kukhu aliposikia akasema vyema, atarudi nyumbani wiki ijayo, kwao kuna migomba ya kutosha na hakuna wakwe nyuma yake.

Nililia usiku huo kimya kimya. Yeye akaniambia nisimlowanishe mgongo.

Baba ndiye aliyesema choo kijengwe ndani ya besmenti. Alifanya kazi kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, upande wa mabomba ya mvuke, kwa hiyo mambo ya paipu aliyajua, au aliamini anayajua. Alieleza kwamba bomba la choo cha uani linapita chini kabisa ya ile sakafu ya vigae likielekea kwenye mtaro mkuu kule mtoni, na kwa sababu ya mteremko, besmenti bado iko juu ya mtaro. Kinachotakiwa ni kuinua vigae vichache, kulifikia lile bomba, kulipachika tawi, na kulitoa tawi hilo juu ya sakafu, mahali bakuli litakapokaa. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Mama akamwuliza nani atamwambia Bi Zuhura.

Bi Zuhura alishuka kuangalia, akasimama katikati ya sakafu ya marehemu mumewe, akaweka masharti yake. Kigae kisivunjwe, kiinuliwe. Choo kisielekee kibla wala kisikipe kibla mgongo. Na harufu: siku atakayosikia harufu ya choo ikitoka besmenti, kitang'olewa hicho choo, na wapangaji wake wote wa humo ndani na wa juu watafuata. Aliposema wapangaji wake alitutazama sisi. Mimi nilijaribu kupunguza sharti moja, kama nilivyozoea. Akanitazama akasema huyu mtoto atakuwa wakili au mwizi. Masharti yakabaki matatu.

La nne lilikuwa la Kukhu, nami nililipandisha ngazi. Alisema anashukuru, ila mkono wa mkwewe usiguse hata msumari. Hawezi kuketi juu ya kitu kilichowekwa na mume wa binti yake. Baba alisikiliza, akakuna kidevu, akasema sawa, atatafutwa fundi.

Akatafutwa Fundi Shabani wa Majengo, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kushona kwa mkono na mdomo usiolala. Alikuwa fundi mzuri kwa muda wote aliokuwa akifanya kazi, na muda huo haukuwa mrefu, kwa sababu kila nyundo ilikuwa na hadithi yake. Alianza kwa kulowesha vigae kwa gunia la maji, akaingiza patasi nyembamba kwenye maungio, akavibembeleza mpaka vikainuka vizima, akavipanga ukutani kwa mpangilio wake ili virudi kila kimoja kwake. Akachimba. Udongo tuliutoa kwa karai na kuumwaga nyuma ya nyumba, wiki nzima, mwekundu na wenye unyevu, na wapita njia wakauona.

Jioni, Baba akirudi kazini, alikuja kusimama uani. Kuingia hakuweza, kuinama dirishani kungekuwa kumchungulia mama mkwe, kwa hiyo alisimama ameupa ukuta mgongo, na sisi tuliokuwa ndani tuliona viatu vyake vikubwa vya kiwandani tu. Viatu hivyo vilikuwa na maoni. Nilisimama juu ya kiti kuyapokea na kumpa fundi. Mwambie fundi bomba liinamishwe zaidi, maji yapate nguvu. Mwambie mwenye viatu, akasema Shabani bila kuinua kichwa, kwamba maji yakikimbia sana humwacha mwenzake mzito nyuma. Nikarudi dirishani na jibu. Viatu vikatafakari. Kukhu, aliyekuwa ameketi kitandani na gongo lake, akacheka mpaka akashika nyonga, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu aache chai.

Kwa ajili ya kibla, bakuli halikuweza kukaa sambamba na ukuta; ilibidi ligeuzwe pembe, litazame mashariki, nalo likigeuzwa tundu la bomba linaangukia katikati ya kigae kimoja cheupe, si kwenye maungio. Fundi akaenda kumwita Bi Zuhura mwenyewe, maana hapo alikuwa mjanja: jambo la kumuudhi mtu lifanye mbele ya macho yake. Alichora duara kwa penseli, akaligonga kwa ncha ya msumari tundu baada ya tundu, akimwagia maji, taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Bi Zuhura alikuwa amefumba macho. Kile kipande kikatoka kizima, cha mviringo kama chapati. Alikiokota, akakipangusa kwa leso, akapanda nacho juu. Kigae kilirudishwa mahali pake na tundu lake, mdomo wa bomba ukachomoza sawasawa juu ya sakafu, si chini yake, kwa sababu, alivyosema fundi, mdomo ukiwa chini ya kigae maji yatatafuta njia ya kulala chini ya vigae na hapo ndipo harufu huzaliwa. Mguu wa bakuli ukaingia mdomoni mwa bomba, ukazungushiwa katani na saruji, bakuli likafungwa sakafuni kwa skrubu za shaba. Juu ukutani likapandishwa tangi lenye mnyororo. Saruji ikaachwa ilale siku zake, na Kukhu akaendelea kukauka, akilitazama lile bakuli jeupe kama mtu anayetazama gari la mwingine.

Jumamosi ikawa siku ya kulijaribu. Shabani hakuamini maji peke yake. Maji, alisema, yanakuonyesha tundu kubwa. Tundu dogo linaonyeshwa na moshi. Desturi yake ilikuwa kuchoma matambara yaliyolowa oili chafu ndani ya shimo la mtaro nyuma ya nyumba, kulifunika kwa gunia la maji, na kuuacha moshi upande mabombani. Kiungo kikivuja, moshi unatokea chumbani. Kikiwa kizima, moshi wote unapanda kwenye paipu ya kupumulia na kutokea juu ya mabati. Bi Zuhura aliposikia habari za matambara na oili akasema nyumba yake haitanuka gereji. Akaingia ndani akatoka na kopo zima la ubani, uliobaki tangu hitima ya marehemu, na chetezo kikubwa cha udongo. Akasema kama ni lazima nyumba inuke, basi inuke heshima. Kisha akapanda kulala usingizi wake wa mchana.

Kukhu na mimi tulifungiwa besmenti. Kazi yangu ilikuwa kunusa, kwa kuwa pua ya mtoto, alisema fundi, haijaharibiwa na tumbaku. Mlango ukazibwa kwa gunia bichi, dirisha likafungwa kioo chake, na nikaonywa nisifungue kwa mtu yeyote mpaka yeye mwenyewe abishe, maana mlango ukifunguliwa moshi wa nje utaingia na jaribio litakuwa limeharibika. Mama alikuwa sokoni, Baba kazini hadi saa saba. Kukhu aliketi kwenye kigoda kando ya bakuli. Asubuhi hiyo, kwa sababu fundi alikuwa ameapa kwamba saa sita choo kitakuwa tayari, alikuwa amefanya jambo la imani: alikunywa kikombe cha chai. Kimoja, lakini kilijaa.

Tulinusa. Nilizunguka bakuli kwa magoti, nikaweka pua kwenye saruji, kwenye skrubu, kwenye maungio ya vigae. Niliposema hakuna kitu Kukhu aliniambia nirudie. Nikarudia. Hakukuwa na kitu.

Yaliyokuwa yakitokea juu nilisimuliwa baadaye na watu wengi, na kila mmoja aliyaongeza. Nimeyapunguza kadiri ninavyoweza. Kopo zima la ubani liliingia kwenye chetezo. Moshi ukapanda ndani ya paipu, ukatokea juu ya mabati ya Bi Zuhura mnene na mweupe, ukainama na upepo ukaelekea Majengo. Huko kila mtu alijua kwamba katika ile nyumba kuna bibi mgonjwa aliyeacha kula na kunywa. Wiki nzima walikuwa wameona udongo mwekundu ukitolewa. Sasa ubani, tena wa wingi ule. Na pale kwetu msiba hauulizwi. Hufiki mlangoni kwa watu ukauliza je, amekufa nani. Unajifunga leso, unachukua kipakiti cha sukari, unaingia uani, unatandika mkeka, unakaa, na habari itakukuta umekaa. Wa kwanza aliingia akakaa. Wa pili aliona wa kwanza amekaa. Wa tatu hakuhitaji ushahidi mwingine.

Fundi Shabani wakati huo alikuwa juu ya mabati, akiutazama moshi wake ukitoka kwenye paipu kwa fahari. Aliposhuka ngazi yake upande wa nyuma na kuzunguka uani, akakuta mikeka, wanawake wamejitanda, wanaume wamesimama ukutani. Mtu akamshika mkono akamwambia pole. Sasa yeye ndiye aliyewasha moshi kwa vidole vyake. Yeye ndiye aliyetufungia. Lakini watu wote wale hawawezi kukosea, akajiambia; lazima bibi ameaga wakati mimi niko juu ya nyumba, na wao wamepata habari kwa njia nyingine. Akavua kofia, akakaa. Muda mfupi baadaye Bi Zuhura aliamshwa na minong'ono, akachungulia, akamwona fundi amekaa kichwa wazi miongoni mwa waombolezaji. Naye, mwenye ubani wenyewe, hakuhitaji zaidi. Alishuka analia, akaagiza masufuria makubwa yatolewe na chai ipikwe.

Sisi kule chini tuliona viatu. Vilikuja viwili viwili: champali, malapa, viatu vya kanisani vilivyopakwa rangi. Vikasimama, kisha vikavuliwa. Nilivihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Katika ploti yetu mtu akinunua redio watu walikuja kuitazama, na meza mpya ilipata wageni wake, kwa hiyo sikuona ajabu. Nikamgeukia Kukhu nikamwambia kwamba watu wamekuja kuona choo.

Kukhu aliyainua macho dirishani. "Wote hao?"

"Na wengine bado wanakuja."

Alivuta leso akajifunika mabega. Ile chai ilikuwa imefika mahali pake, na nilimwona akihamisha uzito kwenye kigoda, hivi, kisha hivi. Akautazama mnyororo. Akaniuliza ukivutwa unapiga kelele kiasi gani. Nilimwambia ukweli, kwamba Shabani aliujaribu Alhamisi na mbwa wa jirani alikimbia. Akafumba macho. Akasema kwa lugha yake, polepole, kwamba kesho mapema apelekwe stesheni, kwani amezaa watoto wanane na kuzika mume bila kufanyiwa mkutano wa hadhara, hawezi kuanza leo. Choo kilikuwa kizima, sikunusa hata chembe, na bado nilikuwa nampoteza.

Ndipo nikasikia kishindo. Viatu vya kiwandani nilivijua hata gizani, lakini sikuwahi kuvisikia vikikimbia, na kamwe havikuwahi kuja upande wetu. Vilishuka ngazi za mawe vyote kwa pamoja. Baba alikuwa amefika langoni, mtu akamshika mkono akamwambia kazi ya Mungu haina makosa, naye akapita katikati ya mikeka bila kumsalimu mtu. Akaupiga mlango kwa kiganja.

"Nafula. Fungua."

Nikasema fundi amekataza.

Akaupiga tena. "Mama yuko wapi?"

Nikajibu kwamba Mama yuko sokoni.

"Si mama yako." Sauti yake ilikuwa imepasuka mahali. "Mama."

"Yuko hapa. Ananusa."

Mlango ukasukumwa na lile gunia likaburuzika. Baba akaingia hadi katikati ya vigae, kofia mkononi, jasho na vumbi la kiwanda usoni, akamtazama Kukhu. Akamtazama usoni. Naye Kukhu, akiwa kwenye kigoda chake, akamtazama, kwa mshtuko tu, leso imeteleza hadi mabegani. Baba alisema "Mama" tena, mara hii kwake moja kwa moja, akachuchumaa pale pale kwenye sakafu ya marehemu, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Alilia bila kujificha. Mimi nilisimama katikati yao, mjumbe asiye na ujumbe, nikitambua kwamba ile hesabu yangu niliyoirudia ilikuwa na makosa mara zote mbili.

Kukhu ndiye aliyejirudi kwanza. Akajifunika kichwa, akageuza uso ukutani, akaniambia mimi, ingawa Baba mwenyewe alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake:

"Mwambie huyu mtu kwamba mimi nipo."

"Nimesikia," Baba akasema.

"Mwambie sikusema naye. Mwambie kuingia kwake humu kuna faini, na ni blanketi zito, si haya ya karatasi. Tutalijadili." Lilijadiliwa kweli, majuma mawili, na aliyepanda na kushuka ngazi nalo ni nani kama si mimi. "Na mwambie watu wa huko juu wamekuja kufanya nini."

Hapo ndipo sote tulipojua. Baba alieleza akiutazama ukuta, nami nikarudia kila neno kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kukhu alisikiliza. Hakukasirika. Aliuliza kama watu ni wengi, na kama wale wa kanisa la kwao wamekuja, na alipoambiwa wamekuja na hata wa msikitini wamejaa, nilimwona amenyooka kidogo kwenye kigoda. Kisha akasema neno ambalo alikuwa ameliweka muda mrefu:

"Mwambie apande. Afunge mlango nyuma yake. Na awaombe waniimbie. Kwa nguvu."

Baba alielewa. Alikuwa mkwe; yako mambo ambayo mkwe anaelewa na hayawezi kutoka kinywani mwake. Akapanda. Kule juu akasimama mbele ya mikeka akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia, kwamba Mama yu hai, na anaomba mumwimbie. Hakusema sababu. Na watu, wakiyaona yale macho yake mekundu, wakafahamu wenyewe kwamba bibi yuko katika saa yake ya mwisho na anataka kusindikizwa. Wale wa magharibi wakaanzisha wimbo wa kwao wa kuvuka mto, sauti nne, hakuna aliyebana. Wanawake wa Majengo hawakuyajua maneno, wakapiga makofi. Fundi Shabani alisimama. Bi Zuhura aliweka mwiko chini. Wanasema wimbo ule ulisikika hadi Kaloleni, nami niliyekuwa chini yake siwezi kuwakatalia, kwa sababu vumbi lilianguka kutoka darini.

Nilitundika shuka dirishani. Nikaangalia ukuta, kama nilivyoona watu wenye adabu wakifanya. Wimbo ulikuwa umefika ubeti wa tatu Kukhu alipoinua mkono akavuta mnyororo.

Tangi lile lilikuwa la zamani, la chuma. Lilinguruma ukutani, maji yakaanguka, yakazunguka, yakaingia kwenye bomba na kupita chini ya vigae, chini ya ngazi, chini ya ua wenyewe, chini ya mikeka na sufuria na magoti ya waombolezaji, yakishuka mtoni. Juu, wimbo ulikatika kana kwamba umekatwa kwa panga. Kisha nikasikia Fundi Shabani, ambaye naamini alikuwa amelaza sikio ardhini, akisema kwa utulivu wa mtu aliyesoma hukumu:

"Imepita. Haikuacha mtu nyuma."

Na Bi Zuhura akaanza kucheka, peke yake kwanza.

Kukhu aliketi kitandani akajifunga leso upya. Akanusa hewa, mara moja, akanusa tena. Akaridhika.

"Panda," akaniambia. "Waambie wimbo haukatwi katikati; wamalize. Halafu mtu aniletee chai. Si kikombe. Birika."